Glasi ya Murielle

Murielle aliulizwa maswali kumi na moja asubuhi ile, na hakujibu hata moja. Alikaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano pale kituo cha polisi, amevaa viatu visivyo na kamba, macho kwenye mikono yake kama mtu anayesubiri kuitwa zahanati. Jelimo, mpelelezi aliyeajiriwa kumtetea, aliandika kila swali kwenye daftari na kuacha nafasi ya jibu chini yake. Zile dakika kumi na tano walizopewa zilikaribia kwisha, na nafasi zote zilikuwa bado nyeupe pee.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Jumanne usiku, katika baa moja ya mtaa wa Kensington, fundi mitambo wa Kijapani wa miaka sitini na saba, Mzee Shirasaka, alianguka kutoka kitini. Aliyekaa naye ni Murielle, mmoja wa wasichana wanaolipwa pale kumimina, kusikiliza na kucheka. Jumatano mzee hakuamka. Leo Alhamisi alikuwa bado hajaamka. Polisi walichukua glasi aliyokuwa ameishika, wakakuta mashapo meupe ya dawa chini yake, na kwenye ukingo rangi ya midomo ya Murielle. Kesho saa tatu asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kumlevya mteja ili amwibie. Mzee akifa kabla ya hapo, shtaka lingekuwa la kuua. Hospitali nao walikuwa wamesema wazi kwamba dawa hawaijui, majibu ya damu yangetoka wiki ijayo, na kwa sasa walikuwa wakibahatisha tu.

Jelimo hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Mzaliwa wa Eldoret, alikuwa amefanya kazi miaka tisa katika benki moja mjini humu akiwafukuza wezi wenye tai, kisha akachoka na tai zenyewe, akafungua ofisi ya chumba kimoja Doornfontein, juu ya karakana ya viti vya magari. Wateja wake walikuwa watu wanaoogopa polisi kuliko wanavyoogopa wezi. Alijua namna nyingi za ukimya: wa woga, wa kiburi, wa mtu anayepanga uongo. Huu wa Murielle ulimshinda kuupa jina, na jambo hilo lilimkera.

Mlinzi alipogonga mlango, Murielle akainua uso.

"Mwambie yaya Théodore aache," alisema. Yaya ni kaka mkubwa, kwa watu wa Lubumbashi. "Asitafute tena. Miye niko sawa hapa."

Halafu akainuka mwenyewe, kabla hajaambiwa.

Kabla ya kuondoka, Jelimo alimbembeleza sajenti wa zamu mpaka akaruhusiwa kusoma maelezo ya ukamataji. Yalikuwa mafupi na yameandikwa kwa haraka. Mstari mmoja tu ndio uliomsimamisha, akaunakili neno kwa neno: mtuhumiwa alikuwa amelewa, ulimi mzito, akasinzia ndani ya gari mpaka kituoni. Sajenti alicheka akasema, eish, msichana wa baa alewe, kuna ajabu gani hapo? Jelimo alikubali kwamba hapakuwa na ajabu, akafunga daftari.

Théodore ndiye aliyemwajiri. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa La Rochelle, shemasi wa kanisa la Wasabato, mtu wa sauti ya chini na suti iliyopigwa pasi. Jana alikuja Doornfontein akiwa na jawabu tayari mkononi: baa ile inalewesha wageni ili iwaibie, dada yake ametolewa kafara, kwa hiyo Madame Jelimo aanzie pale na amalizie pale pale. Mteja anayekuja na jawabu kabla ya swali humtia mpelelezi wasiwasi. Hata hivyo jawabu lenyewe halikuwa baya, na saa sita mchana Jelimo alikuwa anapanda ngazi za Baa Tsubaki.

Ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Mchana viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, mapazia mekundu yamefunguliwa, na zulia lilionyesha kila doa lake. Hapakuwa na bei popote, si ukutani wala kwenye karatasi. Nyuma ya kaunta palikuwa na rafu ndefu ya chupa za wiski, kila moja imevishwa kikadi shingoni chenye jina la mwenyewe, mengi kwa maandishi ya Kijapani na Kikorea.

Mwenye baa aliitwa Mama Célestine. Alikwenda Japani na mume mfanyabiashara wa magari yaliyotumika. Mume akarudi Lubumbashi na mke mwingine, yeye akabaki miaka sita katika mji mdogo wa pwani, akifanya kazi kwenye baa yenye viti vinane. Huko alijifunza kwamba mtu anaweza kulipishwa kiti anachokalia, taulo la moto la kufutia mikono, barafu, na hata msichana anayemwuliza habari za mama yake. Mgeni akiingia, kila kitu kilipanda mara mbili na tabasamu likaongezwa. Kule walimtoza mgeni, alisema, na huku wageni ni wao. Hakuona haya kulisema, na Jelimo, aliyetaka kumchukia tangu ngazini, akajikuta anambana bila hasira.

Alimwuliza juu ya wateja waliowahi kuamka bila pochi. Célestine akavuta kiti akakaa.

"Madame, mutu akilala haagizi tena," alisema. "Mi nitamulewesha juu ya nini? Miye nataka akuwe macho, acheke, aombe barafu ingine. Shirasaka anakuyaka hapa kila siku ya mbili, kila Jumanne, miezi nane sasa. Hajauliza bei hata siku moja. Nani anaua mbuzi wa maziwa?"

Jelimo alilipima jibu lile akaona lina mantiki. Mwizi wa mara moja ndiye anayelevya watu. Huyu mama alikuwa mwizi wa kila wiki, mwenye subira na risiti. Jawabu la Théodore likaanza kumponyoka. Akauliza Murielle alikuwa akinywa nini usiku ule.

Wiski, Célestine akajibu, kama wasichana wote. Mteja humnunulia msichana glasi, ndiyo desturi. Na alikuwa amelewa? Célestine akashusha pumzi kwa masikitiko yaliyopikwa vizuri: ndiyo, siku hizi alikuwa anazidisha.

Mwisho wa kaunta Victorine, msichana mwenzake Murielle, alikuwa anapangusa glasi. Akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu.

"Murielle alewe?" alisema. "Yule Musabato? Hata chai ya kawaida hanywe, anasema iko na kitu inaamusha mutu."

Célestine alimkata jicho ambalo lingepasua kioo. Jelimo hakumpa nafasi. Aliomba aonyeshwe chupa wanayomiminiwa wasichana. Célestine akasema imekwisha. Jelimo akaingia nyuma ya kaunta mwenyewe, akaishika ya pili kutoka kushoto, ile pekee isiyo na kikadi, akafungua kifuniko na kunusa. Ilikuwa chai nyeusi iliyopoa, rangi yake ile ile ya wiski.

Basi Mama Célestine akalegea kama unga uliozidi maji. Aliomba hilo lisifike polisi. Kama wateja wangejua walikuwa wakinunua chai kwa bei ya wiski ya miaka kumi na miwili, baa ingefungwa kesho yake. Jelimo alimwambia kwamba chai yake haimhusu ndewe wala sikio, ila kwa ajili ya chai hiyo yeye alikuwa radhi kumwacha msichana wake aozee gerezani kwa ulevi ambao hakuufanya. Mama akainamisha kichwa. Aliona aibu kweli, na haikuwa imepikwa safari hii.

"Sasa nieleze kitu kimoja," Jelimo alisema. "Murielle hanywi pombe, na chai yenu haigusi. Usiku ule alikuwa na nini kwenye glasi?"

Victorine ndiye aliyejibu. Murielle alikuja na chai yake mwenyewe kutoka nyumbani, ile nyekundu ya rooibos, ambayo kanisa lao halina neno nayo. Aliitoa kwenye chupa ya chai, akaitia barafu, na kwenye mwanga mwekundu wa baa hakuna aliyeona tofauti. Ijumaa jua likizama hakufanya kazi, na alikuwa akimwambia Mama wazi kwamba kazi yenyewe ni ya muda tu, mpaka apate karatasi zake.

Jelimo akateremsha viti vya meza moja, akaweka glasi mbili juu yake, akakaa upande wa Murielle na kumkalisha Célestine upande wa Shirasaka. Mtu aliyelala ndani ya gari la polisi na ulimi mzito bila kugusa pombe alikuwa amekula dawa naye pia. Hilo lilikuwa la kwanza. La pili ni rangi ya midomo. Hakuna anayetia dawa glasi ya mtu kisha akaionja.

"Glasi yenye dawa ilikuwa ya Murielle," alisema. "Ilifikaje mkononi mwa mzee?"

Célestine akaitazama meza kwa muda. Kisha akaisukuma glasi yake kwa mikono miwili mpaka mbele ya Jelimo, akainamisha kichwa, na kuichukua ya Jelimo.

Ilikuwa heshima ya wazee wa kule, alieleza. Mzee akikuona wewe ni mtu, anakupa kikombe chake, na wewe unampa chako, mnakunywa. Vijana wameiacha. Shirasaka alikuwa anarudi kwao mwisho wa mwezi, na usiku ule alitaka kumuaga Murielle kwa heshima hiyo. Murielle akaweka glasi ya mzee mdomoni bila kunywa. Mzee akainywa ya Murielle mpaka mwisho.

Lakini si angetambua kwamba ni chai? Célestine akatikisa kichwa. Mzee kama yule alijua toka zamani. Wote wanajua, na kuitema kungekuwa kumvua nguo msichana mbele ya watu. Angekunywa hata ingekuwa chungu.

"Ilikuwa chungu," alisema Victorine taratibu. "Murielle alikunja uso alipoonja. Akasema leo imekaa sana motoni."

Huko chini mtu alikuwa anapiga rimu kwa nyundo. Sasa Jelimo aliona kitu ambacho hakukitarajia. Hakuna aliyetaka kumdhuru Mzee Shirasaka. Dawa ile alikuwa amewekewa Murielle.

Akauliza chupa ya chai iko wapi. Victorine akalikunjakunja lile taulo la glasi. Aliiosha, alisema. Polisi walipokuwa wanamteremsha Murielle ngazi, naye anasinzia na kuyumba, alimshika mkono akamwambia mara tatu: osha chupa yangu, Victorine, osha chupa yangu. Alidhani ni maneno ya mtu aliyechanganyikiwa.

"Na chai hiyo alikuwa anapikiwa na nani?"

"Ni kaka yake. Yeye anajua Murielle anasafishaka maofisi usiku. Anamupikia kila jioni, juu ya baridi. Murielle anatuchekaka hapa, anasema ninyi hamuna kaka kama wangu."

Kutoka Kensington mpaka La Rochelle si mbali, lakini Jelimo alikwama kwenye kila taa ya barabarani, ambayo mji huu huiita roboti, na kila ilipowaka nyekundu aliupiga usukani ngumi. Alikuwa amekasirika. Mtu alimtuma Kensington kama mtoto anayetumwa dukani ili wakubwa wazungumze. Na juu ya hasira palikuwa na jambo baya zaidi: hakuwa na ushahidi wowote. Chupa ilioshwa. Glasi ilionyesha midomo ya Murielle peke yake. Alichokuwa nacho kingetosha kumtoa mtu usingizini, si gerezani.

Akapiga simu wodini. Muuguzi alisema pumzi ya mzee imeshuka tangu asubuhi, na daktari bado anauliza swali lile lile.

Théodore alikuwa kwenye chumba chake cha mbele, utepe wa kupimia shingoni, anampima bwana mmoja suti ya harusi. Alipomwona Jelimo mlangoni alikosea namba, akaipima tena, akakosea tena. Jelimo akasubiri. Bwana harusi alipoondoka, yeye ndiye aliyefunga mlango.

"Umewapata?" Théodore aliuliza. "Ni wale ba baa?"

Jelimo akamsimulia yote, taratibu: chai nyeusi, chai nyekundu, kubadilishana kwa glasi. Alipofika kwenye chupa, Théodore akaketi kwenye kiti cha cherehani na kuanza kukunja kipande cha kitambaa mara nne, mara nane.

"Miye napika chai, natia asali," alisema. "Sijue kitu ingine."

"Tangu lini unajua kwamba hafanyi usafi maofisini?"

"Sijue."

"Théodore."

"Ni miye ninakulipa wewe," alisema, na sauti yake ya chini ikapasuka kidogo. "Nilikulipa umutoe mudogo wangu, haiko kuniuliza miye."

"Umenilipa nimtoe. Ndiyo ninayofanya."

Akavuta kigoda akakaa mbele yake, karibu, magoti yakikaribia kugusana. Akamwambia ukweli, kwa kuwa hakuwa na silaha nyingine. Hakuwa na ushahidi. Akinyamaza yeye, hakuna mahakama itakayomgusa. Atakwenda kanisani kesho jioni jua likizama, na watu watampa pole. Murielle atahukumiwa. Na mzee wa watu, aliyekunywa uchungu ule mpaka mwisho ili asimwaibishe Murielle, atakufa pengine usiku huu, kwa sababu daktari hajui jina la dawa.

"Sikuulizi kwa nini," alisema. "Nakuuliza inaitwaje."

Théodore alikikunjua kile kitambaa, akakikunja upya. Nje muuza mahindi alipita akiita wateja kwa Kizulu. Jelimo hakutazama saa, ingawa alitamani sana.

"Wakijua jina, atapona?"

"Labda. Wasipojua, hapana."

Akainuka. Kwenye droo ya nyuzi, chini kabisa, chini ya vifungo na chaki, akatoa kijitabu cha kliniki na pakiti ya vidonge iliyokatwa nusu. Vilikuwa vyake mwenyewe. Alikuwa na kifafa tangu ujana, na mjini hapa hakuna aliyejua ila Murielle, si wateja, si mchungaji. Nani angempa suti ya harusi fundi anayeanguka? Aliviweka mkononi mwa Jelimo kama anayevua nguo.

Mlinzi mmoja wa kanisani ndiye aliyemwona Murielle akipanda ngazi za Tsubaki, akamwambia Théodore. Hakumfokea dada yake. Alitaka asinzie mbele ya wateja, afukuzwe, arudi nyumbani, na asijue kamwe ni nani aliyemfukuzisha. Akasaga vidonge sita.

"Mi nakunywa ile dawa miaka kumi na moja," alisema. "Inanilalisha tu. Haijaniua."

Mwili wake ulikuwa umeizoea. Hakuwazia kwamba wa mwingine haujaizoea, wala kwamba ingekutana na wiski ya jioni nzima ndani ya mzee. Jelimo alikuwa ameshapiga simu. Alimsomea muuguzi jina lililo kwenye pakiti herufi kwa herufi, kipimo, idadi, saa iliponywewa. Muuguzi akarudia kila kitu, akamwita daktari kwa sauti kabla hata hajakata simu. Walikuwa na pa kushika sasa. Kama pangetosha, hakuna aliyejua.

Théodore alikuwa amevaa koti na kulifunga vifungo vyote. Alisema atakwenda kituoni kwa miguu yake, Madame Jelimo asimshike mkono. Hakulia. Ila mlangoni alisimama, akaegemea ukuta.

"Nitamwambia nini Murielle?" aliuliza. "Polisi, nitasema. Kanisa, nitasema. Yeye nitamwambia nini? Kila siku anakunywa chai yangu."

Jelimo akafikiria maswali yake kumi na moja, na msichana aliyeinuka mwenyewe kurudi mahabusu kabla hajaambiwa. Sasa aliujua ule ukimya ni wa aina gani.

"Huna la kumwambia," alisema. "Anajua tangu Jumanne. Ndiyo maana amenyamaza."

Théodore alimtazama kana kwamba hajaelewa. Kisha akaelewa, akaketi sakafuni na koti lake safi, na Jelimo akalazimika kumshika mkono.